Wakili Aliyekataa Jogoo

Jogoo alichinjwa kabla mgeni hajafika, na hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza. Kavindu alikuwa na jogoo mmoja tu, mwekundu, mkorofi, aliyezoea kuwadonoa watoto wa majirani visigino. Asubuhi hiyo alimkamata mwenyewe, akamfunga miguu na kumwambia Ndinda, mkazamwana wake, "Mama Nthenya, teleka maji. Mtu anatoka Nairobi kuja kumtoa mwanangu jela, halafu tumpe ndengu?"

Mgeni alikuwa wakili. Jina lake Yvonne, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, viatu vya raba, begi mgongoni. Pikipiki ilimshusha kwenye njia ya mchanga inayotoka Tseikuru, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Alisalimia kwa Kikamba cha watoto wa mjini, akakaa kwenye kiti cha plastiki kilichopanguswa mara mbili, akatoa faili. Shirika lake liliwatetea bure wafungwa waliotaka kukata rufaa na hawakuwa na uwezo wa kumwajiri wakili. Musyimi, mwana wa Kavindu na mume wa Ndinda, alikuwa mmoja wao. Alikuwa amefungwa miaka saba kwa wizi wa fahali wawili.

Ndinda akaleta bakuli. Juu kabisa ya nyama alikuwa ameweka firigisi, ambayo katika nyumba ile haikuwahi kuliwa na mwanamke. Wanawake wale wawili walikuwa wamejadiliana jambo hilo jikoni, wakakubaliana kwamba wakili ni mwanamume.

"Asanteni sana, lakini sitaweza," Yvonne alisema. "Ni sheria ya kazi yetu. Haturuhusiwi kupokea kitu kwa mtu tunayemtetea. Hata soda."

"Hii si kitu," Kavindu akasema. "Hii ni chakula."

"Najua, mama. Lakini nikikula hapa leo, kesho mtu atasema nimelipwa."

"Atasema nani? Mimi sitasema. Mama Nthenya, wewe utasema?"

Ndinda alitikisa kichwa. Yvonne alicheka kidogo, akaomba radhi tena, akafungua faili. Kavindu alilifunika bakuli taratibu, na kutoka hapo hakucheka tena siku hiyo.

Tulimalize jambo moja mapema, msomaji asije akajisumbua bure: Musyimi hakuiba fahali wale. Usiku ule alikuwa amelala kando ya mkewe, akikoroma. Fahali wa Mzee Nzomo walichukuliwa na watu wa mbali ambao mpaka leo hawajulikani. Lakini Musyimi alikuwa broka wa mifugo, na siku moja kabla alikuwa amepita kwa Nzomo, akawapapasa wale fahali mgongo, akataja bei, Nzomo akaikataa. Walipopotea, Nzomo akamkumbuka aliyewapapasa. Kadiri alivyozidi kumkumbuka ndivyo alivyomkumbuka vizuri zaidi, hata mwishowe akakumbuka kwamba alimwona kwa macho yake, usiku, akiwa na tochi. Nzomo hakuwa mwongo. Alikuwa mzee aliyepoteza mali, na uchungu ulihitaji mtu wa kubebeshwa.

Huku kwao kesi ya namna hiyo ina njia yake. Wazee waliwaita wote wawili waje wale kithitu, kile kiapo kisichochezewa: anayeapa uongo hufa, na asipokufa yeye hufa mtu wa nyumba yake. Nzomo akasema yuko tayari hata sasa hivi. Musyimi akasema hapana. Alikuwa ameokoka, tena shemasi katika kanisa lao dogo la mabati, na Pasta Mulinge alihubiri kila mara kwamba kithitu ni madhabahu ya shetani. "Nikisema sikuiba, sikuiba," Musyimi aliwaambia. "Siwezi kuapa." Wazee wakatazamana. Mtu asiye na hatia anaogopa nini?

Nzomo akaenda polisi, na mahakamani naibu wa chifu alieleza habari za kukataa huko. Pasta, ambaye angefafanua mafundisho ya kanisa, hakufika. Alikuwa na krusedi, mkutano wa injili, kule Kasikeu. Hakimu akaandika kwamba mwenendo wa mshtakiwa wa kukikwepa kiapo cha mila yake haukuwa mwenendo wa mtu asiye na hatia.

"Mnaiona hii sentensi?" Yvonne aligonga karatasi kwa kidole. "Hii ndiyo itamtoa. Kukataa kuapa si ushahidi. Hata kidogo. Ukiondoa hiyo inabaki tochi ya mzee, na tochi peke yake haiwezi kumfunga mtu."

"Kwa hivyo atatoka?" Ndinda aliuliza.

"Siwezi kupromise. Lakini iko na nguvu. Sasa nisikilizeni vizuri. Wazee wakiwaita, msiende. Msimlipe Nzomo chochote. Msiombe msamaha kwa jambo ambalo hakufanya. Na hiyo kithitu, msiiguse kabisa. Nyinyi kaeni tu."

"Tukae tu?" Kavindu akauliza.

"Mkae tu, mama. Kazi ni yangu."

Pikipiki ilipoondoka, Kavindu alilifunua lile bakuli na kulitazama kwa muda. Mchuzi ulikuwa umeganda.

"Huyo hatamtoa," akasema.

"Kwa nini, mwaitu?" Ndinda akauliza; ndivyo alivyomwita, mama, kwa Kikamba.

"Tulipokuwa na kesi ya shamba, wakili wetu alikula mbuzi wawili hapa hapa, na shamba tukapata. Mtu akila chako kinamlala tumboni, hawezi kukusahau. Huyu ameenda na tumbo tupu. Ni nini kitamkumbusha?"

Nthenya, aliyekuwa darasa la tatu, ndiye aliyekula firigisi. Hakuna aliyemkataza.

*

Rufaa ni kitu cha kukaa na kungoja, na Ndinda hakujua kwamba kungoja nako kunachosha kama kulima. Mara mwenendo wa kesi haujapigwa chapa. Mara umepigwa lakini kurasa nyingine hazionekani. Mara jaji yuko likizo. Kila habari ilimkuta Ndinda juu ya kilima, mahali pekee palipokuwa na mtandao, na kila simu iliishia pale pale: "Msijali. Kaeni tu."

Kukaa tu kulikuwa na bei yake. Kisimani wanawake walimwachia Ndinda zamu ya mwisho, maji yakiwa tope, na walimwachia kwa adabu, jambo lililouma zaidi. Kanisani jina la Musyimi liliondolewa kwenye orodha ya mashemasi, "kwa muda tu, dada, mpaka mambo yanyooke." Shuleni Nthenya alihamishiwa dawati la peke yake, mwalimu akidai ni kwa sababu anaongea sana. Mtoto yule haongei hata akikanyagwa.

Kavindu aliyaona yote. Alikuwa mjane aliyezaa watoto watano na kubaki na mmoja, na huyo mmoja sasa alikuwa amevaa nguo za mistari. Siku moja alijifunga leso mbili, akachukua fimbo yake na kwenda kwa wazee bila kumuaga mtu.

"Nipeni mimi hicho kithitu," aliwaambia.

"Mama Musyimi, mwanamke hali kithitu cha ng'ombe," mmoja wao akasema.

"Basi mfukueni mume wangu, aje ale yeye."

Wazee wakamkubalia. Nzomo akaitwa. Yeye naye akasema ataapa, maana hakuwa na shaka na macho yake. Wakapelekwa nje ya makao ya watu, mahali pasipolimwa. Kavindu akagonga chungu cha kiapo kwa kijiti na kusema maneno aliyofundishwa: ikiwa mwanangu alichukua fahali wa Nzomo, kithitu kinile, mimi na nyumba yangu. Nzomo naye akaapa: ikiwa nimemsingizia, kinile mimi. Sasa ilibaki kungoja nani ataanguka. Naibu wa chifu alipita kwa mbali na pikipiki yake, akatazama upande mwingine.

Ndinda alimwona mama mkwe akirudi amenyooka mgongo, anatembea kama mtu aliyetua mzigo.

"Umefanya nini, mwaitu?"

"Nimefanya kile mwanangu aliogopa."

"Wakili alisema..."

"Wakili alisema tukae. Nimekaa. Nimechoka kukaa."

Ndinda aliketi chini kwenye vumbi, akashika kichwa. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira hiyo alikuwa na kitu cha aibu: alifarijika. Alijua mumewe hakuiba. Basi kithitu kingemla Nzomo, na watu wangeona.

*

Kavindu alikuwa na presha. Kwa miaka alimeza kidonge kila asubuhi baada ya uji, vidonge alivyopewa zahanati kwenye kikopo cheupe. Siku iliyofuata kiapo alikunywa uji, akakisukuma kikopo pembeni.

"Mwaitu, dawa."

"Simezi."

"Kwa nini?"

"Mtu aliyekula kithitu akionekana kwenye foleni ya zahanati, watu watasema kimeanza kumshika. Wakisikia namezea vidonge nyumbani, watasema najificha nyuma ya dawa. Mimi nimeapa ukweli. Kithitu kisiponila, presha itaniweza?"

"Lakini presha haijui kama umeapa!"

"Basi ijue."

Ndinda alijaribu kila njia. Alisaga kidonge akakikoroga kwenye uji. Kavindu akaonja, akamtazama, akamwaga uji wote nje, na kuku wakaunywa. Alimwomba Nthenya ambembeleze susu, bibi yake. Susu akamwimbia mtoto mpaka akasahau alichotumwa. Mwishowe Ndinda alipanda kilimani na kumwambia wakili kila kitu, akitarajia kufokewa.

"Haitaharibu rufaa," Yvonne akasema. "Korti inaangalia tu yale yaliyosemwa kwenye kesi. Lakini hiyo dawa, Ndinda, lazima ameze. Presha si mchezo."

"Madam, mimi hanisikii. Mwambie wewe."

Siku ya pili Kavindu alikokotwa hadi kilimani. Akaishika simu kama mtu aliyeshikishwa chura.

"Mama, habari yako? Ni Yvonne, wakili. Nasikia umeacha dawa."

"Umekula?" Kavindu akauliza.

"Samahani?"

"Nauliza, leo umekula?"

"Bado, mama. Niko kazini, lakini hiyo si..."

"Kula kwanza," Kavindu akamwambia, "kisha unishauri." Akairudisha simu kwa Ndinda na kuanza kuteremka, polepole, mkono mmoja kiunoni.

Ng'ombe mmoja wa Nzomo alizaa mapacha msimu huo. Watu walitoka mbali kwenda kuwatazama. Ndinda naye alisikia habari hiyo, kwamba Nzomo aliyeapa anabarikiwa, na usingizi ukamwisha.

*

Kavindu alianguka akipepeta ndengu. Ungo ulimtoka mkononi, ndengu zikamwagika, akabaki amekaa mdomo umepinda upande mmoja, akimtazama Ndinda kana kwamba anataka kumuuliza kitu. Majirani wawili waliokuwa wakipita walisimama njiani. Ndinda aliwaita. Hawakusogea.

Aliyekuja ni Hemedi, mwenye duka la vyakula vya mifugo pale Tseikuru, mtu ambaye babu yake alitoka pwani na biashara akabaki. Alikuwa amezoea kununua mbuzi kupitia Musyimi. Alimpakia Kavindu nyuma ya pikapu yake, juu ya magunia, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Ndinda. Kavindu alikata roho kabla hawajafika hospitali ya Mwingi. Daktari aliuliza dawa alizokuwa anatumia. Ndinda akamwonyesha kikopo cheupe. Kilikuwa kimejaa.

"Hakuwa anameza?"

"Alikataa."

Daktari akatikisa kichwa, akaandika. Ndinda alitamani watu wote wa kule nyumbani wangekuwa wamesimama pale wakisikia. Lakini walikuwa nyumbani, na kule kilichojulikana ni kimoja: wawili waliapa, mmoja ameanguka.

Matanga hayakuwa na watu. Nyumba iliyopigwa na kithitu haikanyagwi, chakula chake hakiliwi, maiti wake haguswi. Ndinda alipanga viti alivyoazima shuleni, jioni akavirudisha bila kukaliwa. Alikwenda kwa Pasta Mulinge.

"Dada Ndinda, moyo wangu unauma," pasta akasema, akiwa amesimama mlangoni, bila kumkaribisha ndani. "Lakini mama alikwenda kwenye madhabahu ya giza. Kanisa haliwezi kumzika. Nitawaambia nini waumini?"

"Waambie alikuwa mama. Pasta, mwanawe yuko jela kwa sababu alishika neno lako."

"Mwanawe alishinda jaribu. Mama alianguka."

"Basi nani atamzika?"

"Nitamwombea nikiwa hapa nyumbani," pasta alisema, na kusema kweli, alimwombea, kwa sauti, na machozi yalimtoka. Machozi hayachimbi kaburi.

Wanakijiji walimwacha Kavindu kwa sababu kithitu kilimla, na kanisa likamwacha kwa sababu alikila. Hemedi ndiye aliyekuja na vijana wake wawili, sepetu na sururu. Ardhi ilikuwa kavu, ikawachukua kutwa nzima.

"Maombi yenu siyajui, mama," alimwambia Ndinda. "Wewe omba. Sisi tutachimba."

Ndinda aliomba. Alianza vizuri, kisha maneno yakamwishia, akabaki kusema "Mwaitu, mwaitu," na Nthenya akimshika leso.

Gerezani Musyimi aliitwa ofisini kupokea simu. Ndinda alimsikia akipumua.

"Alikufa na nini?" akauliza.

"Presha."

"Na watu wanasema alikufa na nini?"

Ndinda akamwambia Hemedi ndiye aliyechimba kaburi. Musyimi akasema, "Sawa," na askari akamwambia muda umekwisha.

*

Usiku wa kuamkia hukumu ya rufaa Ndinda alilala Kitui kwa binamu yake ili asichelewe. Jaji alisoma kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, bila kuinua macho. Kiongozi wa mashtaka mwenyewe alikuwa amekiri kwamba hukumu ya mahakama ya chini haikuwa na mguu wa kusimamia. Ndinda hakuelewa neno hata moja. Alichoelewa ni mkono wa Yvonne uliomshika kiganja na kukibana mpaka pete ikamuumiza.

"Amesema nini?"

"Amefuta. Yote. Amesema kukataa kiapo ni haki yake na hakimu alikosea kabisa. Ndinda, anatoka leo!"

Yvonne alikuwa analia. Alikuwa amezisoma kurasa zile usiku mwingi, alikuwa amesafiri njia zile mbovu bila malipo ya mtu, na alistahili kulia. Ndinda naye alilia. Musyimi alisimama kizimbani, nguo zikimpwaya, akitazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa kwenye gari na hajui amefika wapi.

Nje, Ndinda alitoa mayai ya kuchemsha kwenye kiondo. "Hata moja, madam?"

Yvonne aliyatazama. Hakuwa amekula tangu asubuhi. "Sheria ni sheria," akasema, akimkumbatia. "Endeni nyumbani. Mko huru."

*

Waliporudi, Musyimi alikwenda kaburini kwanza, kisha sokoni. Alikuwa na nakala ya uamuzi kwenye mfuko wa shati, imekunjwa vizuri. Siku ya mnada wa mbuzi aliingia kama zamani, fimbo begani, akawasalimu mabroka wenzake. Walimwitikia, lakini mikono waliiweka nyuma. Alipomgusa mbuzi mmoja mgongoni ili akisie uzito, mwenye mbuzi aliivuta kamba, akaondoka naye.

"Korti imesema sikuiba," Musyimi alimwambia.

"Tumesikia."

"Basi?"

"Korti iko Kitui, bwana. Mama yako yuko hapa."

Hemedi alimpa chai dukani kwake. Alitaka kumpa kazi pia, akajaribu kwa juma moja, mwishowe akamwambia ukweli huku akijipangusa jasho: "Wakikuona hapa hawaniuzii, ndugu yangu. Mimi mgeni hapa tangu babu. Nifanyeje?" Musyimi akamwambia hana la kufanya, na kwamba kaburi alilomchimbia mama yake linatosha.

Kisha Nthenya akapata homa. Ilikuwa malaria, zahanati walipima wakasema malaria, wakampa dawa, akapona. Lakini siku alizolala akitetemeka, shangazi yake Ndinda alitoka Mwingi, akasimama nje ya ua bila kuingia, akasema kwa sauti kile ambacho wengine walikuwa wakikinong'ona: kithitu hakikomi kwa mmoja. Kinashika nyumba na kukimaliza kizazi, mpaka mwenye kosa akiri na wazee wawaoshe. "Mko na mtoto mmoja," akasema, akaenda zake.

Musyimi na Ndinda waliketi mlangoni wakimtazama binti yao akila uji.

"Amepona," Ndinda alisema.

"Safari hii."

Ndinda akageuka kumtazama.

"Unaniamini?" Musyimi akauliza.

"Usiku ule nilikuwa nimelala kando yako. Hata ulinikosesha usingizi."

"Sikuuliza hivyo."

Ndinda alikuwa na kile kikopo cha vidonge mfukoni mwa aproni yake. Alikuwa akitembea nacho tangu siku ya hospitali. Alijua kilichomuua Kavindu. Alijua kila kidonge kilivyokataliwa. Akafungua mdomo aseme hivyo, na kilichotoka ni kingine.

"Nakuamini, Baba Nthenya," akasema. "Lakini naogopa."

Musyimi aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo mpaka mtoto akamaliza uji na kulamba kijiko. Kisha akaingia ndani, akaiweka ile karatasi ya korti ndani ya Biblia yake, akaifunga Biblia.

*

Musyimi alikwenda kwa wazee na mbuzi dume aliyemkopa kwa Hemedi. Walimpokea kwenye boma la Nzomo, mbele ya zizi ambalo fahali walitoka. Wakamhakikishia kwamba litakalosemwa hapo halitafika polisi. Huo ulikuwa mtindo wao, na kwa hilo waliaminika. Ndinda alisimama nyuma, upande wa wanawake, Nthenya mbele yake.

"Sema," mzee mmoja akamwambia.

Mtu huyu alifungwa kwa kukataa kuapa neno la kweli. Sasa alisimama akalisema la uongo, bila kiapo, kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa zizi.

"Ni mimi niliwachukua."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Uliwapeleka wapi?"

Hakuwa amelifikiria hilo. "Mwingi," akasema. "Niliwauzia watu wa lori."

"Kwa bei gani?"

Musyimi alitafuta bei kichwani, akapata moja tu, ile aliyomtajia Nzomo siku alipowapapasa fahali mgongo. Akaitaja.

Nzomo aliruka kutoka kwenye kigoda chake. "Bei ile ile!" akapiga kelele, machozi yakimlengalenga. "Mnasikia? Ile ile aliyonitajia mimi! Nilisema mimi! Walisema macho yangu ni ya uzee!" Akaketi tena, akijifuta kwa kiganja, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyeponywa. Kwa muda mrefu, peke yake, alikuwa ameanza kuwa na shaka.

Ndinda aliyasikia hayo, na kwa kitambo kidogo, kidogo sana, naye akajiuliza kama alikoroma usiku ule au usiku mwingine. Akalishika bega la Nthenya kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

Mbuzi akachinjwa. Wazee wakachanganya majani na yaliyotoka tumboni mwa mnyama, wakampaka Musyimi kifuani na miguuni, wakamnyunyizia Ndinda, wakamnyunyizia mtoto. Kisha Nzomo akanyoosha mkono, Musyimi akaushika. Ulikuwa mkono wa kwanza kumshika tangu atoke gerezani, ukiacha wa Hemedi. Alitaka kuuachia mapema, Nzomo akamng'ang'ania.

"Sasa umekuwa mtu," Nzomo akamwambia. "Yameisha."

Kesho yake watu walianza kuja. Walikuja na sukari, na mahindi, na kuni kichwani, kumlilia Kavindu. Wanawake wa kisimani walikuja wakilia tangu njiani. Wengine walikwenda kuusawazisha udongo wa kaburi na kuuwekea mawe. Viti vya shule havikutosha. Pasta Mulinge hakuja. Alituma mtu kumwita Musyimi mbele ya baraza la kanisa, kujibu kuhusu wizi na kuhusu kuoshwa kimila. Ndinda alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharage, sufuria tatu. Nzomo alikula sahani mbili, akaomba maji, akayanywa, na watu walipomwona akinywa maji ya nyumba ile, wote wakanywa. Musyimi alikuwa ameketi kati ya wanaume, akiitikia kila aliyemsemesha. Hakuna aliyemwona akitia kitu mdomoni.

Simu ya Ndinda ikalia, kwa mara ya kwanza ikiwa hapo chini. Upepo wakati mwingine huleta mtandao. Alikuwa Yvonne.

"Ndinda! Nilitaka tu kuwasalimia. Mnaendeleaje? Watu waliwapokea vizuri?"

Ndinda aliutazama ua uliojaa. Mtu alicheka mahali fulani. Nthenya alikuwa akicheza na watoto wenzake karibu na ghala, na hakuna mama aliyemwita mwanawe arudi.

"Wamejaa hapa, madam," akasema. "Hata sasa hivi wanakula."

"Unaona? Nilikuambia. Ukweli ukishatangazwa, watu watarudi tu."

Ndinda aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akakishika kile kikopo.

"Ndiyo, madam," akasema. "Umetangazwa."

Kisha akamshukuru, akakata simu, akaenda kumwongezea Mzee Nzomo chakula.